Mama Juu Yake

Mtaa mzima ulimwita Mama Juu Yake, lakini hakuna aliyethubutu kulitamka jina hilo akiwa karibu na mkono wake. Jina lilizaliwa kaunta. Mteja akiweka kipande cha sabuni mbele yake, yeye husema, "Mia, na kodi juu yake, mia na ishirini." Akiweka kufuli, "Mia tano, na kodi juu yake, mia sita." Hashiki kalamu, hapepesi macho. Gawa kwa tano, ongeza, toa pesa, mpishe mwenzako.

Bei zilizobandikwa rafuni zilikuwa bei tupu, maana yake bei bila kodi. Moja ya tano ya serikali uliikuta kaunta, baada ya kujiandaa na pesa yako kamili. Unga na chumvi havikuwa na kodi, sabuni na mafuta ya kujipaka vilikuwa nayo. Watu walisema serikali inataka tushibe lakini tunuke. Walicheka hivyo wakiwa nje. Ndani ya duka hawakucheka, walitukana, na matusi yakimwishia mtu ulimini, mikono ndiyo iliyomalizia.

Fundi viatu alikuwa wa kwanza kujaribu. Alikuja na mia yake mkononi, akachukua sabuni, akageuka kuondoka.

"Na kodi juu yake," mama akamwambia.

"Pale pameandikwa mia. Mimi nimesoma, usinifanye mjinga."

"Ishirini, fundi."

"Mwizi mkubwa we!" Fundi akamkwida kola ya gauni, akamvuta mpaka kifua kikagonga mbao za kaunta. Alaa! Mama hakupiga kelele. Alinyoosha mkono kwenye mizani, akachukua jiwe la nusu kilo, akamshindilia nalo mdomoni. Jino likadondoka juu ya kaunta pamoja na mate na damu. Mama akapangusa kwa kitambaa, akasema, "Mia na ishirini." Fundi alilipa. Mpaka leo ni mteja wake, na pengo lake anawaonyesha wageni kama mtu anayeonyesha cheti.

Huyo ndiye mama. Mume alimkimbia, mtoto akiwa bado ananyonya, naye akaanza na beseni la vipande vya sabuni kando ya barabara. Alifukuzwa, akamwagiwa maji machafu, akapigwa teke la ubavu lililomlaza kitandani, akarudi na beseni lilelile. Duka alilipata kwa meno na kucha. Katika maisha yake yote hakuna kitu alichowahi kupewa kwa kuomba vizuri, kwa hiyo naye hakuona sababu ya kuomba vizuri. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko ulimi, na ulimi wenyewe haukuwa mzito.

Mwanawe mmoja tu alimlea palepale kaunta, kati ya mizani na kisu cha kukatia miche ya sabuni. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," alipenda kusema. Yeye hakuchelea. Mtoto akikosea chenji, kofi. Akimwaga sukari, kofi. Akileta kazi ya hesabu kutoka shuleni, hapo kofi halikutosha.

Kuna hesabu moja mtaa uliisikia kupitia dirishani. Kitu pamoja na kodi ni mia sita, je, bila kodi ni shilingi ngapi? Mama aliona ni upuuzi kuuliza. "Tuliongeza moja ya tano, si ndiyo? Basi toa moja ya tano. Kilichoingia ndicho kinachotoka."

Mtoto akaandika, akafuta. "Mama, haitoki."

"Itatoka."

"Moja ya tano ya mia sita ni mia na ishirini. Inabaki mia nne themanini. Lakini kufuli bila kodi ni mia tano, mama, liko pale rafuni. Haitoki."

Mama alikuwa na wateja watatu wanamsubiri. Alichukua kisu cha sabuni, akakilaza bapa, akampiga mtoto kwenye vifundo vya vidole. "Imetoka?" Haijatoka. Akampiga tena. "Imetoka?" Mtoto alilia hadi kamasi zikadondokea daftari, naye mama akapiga hadi kidole cha kati kikapinda na kukataa kunyooka. Mwishowe mtoto akasema, "Imetoka, mama." Mia nne themanini. Mama akarudi kuuza, ameridhika.

Ajabu ni kwamba mwenyewe hakuwahi kuitumia hesabu hiyo. Dukani kodi aliitenga papo hapo: mteja akitoa mia na ishirini, mia huingia droo ya juu, ishirini huingia droo ya chini. Hakuwa na haja ya kurudi nyuma kutafuta bei tupu. Angejuaje?

Kijana akakua, akaoa. Mama akawapa chumba cha uani, ambacho ukuta wake mmoja unatazama barabara ya nyuma. Wakatoboa dirisha, wakaweka ubao mzito wenye bawaba kwa juu, unaoshikiliwa wazi kwa kigingi, na mkamwana akakaa hapo kuuza vitu vidogovidogo vya dukani: sabuni, mafuta ya kujipaka, viberiti, nyembe. Asubuhi mume anahesabu vitu. Alasiri anarudi, anahesabu vilivyobaki, anamwaga pesa zote mezani. Kwanza anatoa moja ya tano, anaitumbukiza kwenye kopo la kodi. Zinazobaki anazilinganisha na bei tupu za vitu vilivyoondoka. Kopo lile mke hakuruhusiwa hata kulipangusa vumbi.

Na kila siku pesa zilipungua.

Mara ya kwanza aliuliza. Mara ya pili alifoka. Mara ya tatu alimgonga mkewe kichwa ukutani, kando ya dirisha, mpaka chokaa ikabaki kwenye nywele. "Umekula! Sema umekula nini!" Msichana wa watu alikuwa mwembamba, mpole, mtu wa kucheka kwa kuziba mdomo. Alikimbilia dukani kwa mama mkwe akivuja damu sikioni.

"Mama, mimi sijala hata senti moja. Naapa."

"Pesa ina miguu?"

"Sijui, mama. Nauza vizuri, napokea vizuri. Akihesabu inapungua."

Mama alimtazama juu hadi chini. Aliwahi kuibiwa na shoga yake, na mume, na karani wa forodha, wote waliapa. Akamzaba kofi mbele ya wateja, kofi lililogeuza shingo. "Mdokozi we! Rudi kwako ukakiri. Mwizi hapigwi kwa maua."

Basi, ikawa ndiyo desturi. Fimbo, mkanda, teke, na siku nyingine kopo lenyewe la kodi, lililojaa sarafu, likitupwa mgongoni mwa mtu. Majirani waliongeza sauti za redio. Mume alikuwa na sifa nzuri huko nje. Ofisi ya kodi walimpa kiti kila alipokwenda, maana yeye peke yake alileta nyingi kuliko walizotazamia. Kodi ikizidi, nani atalalamika? Alirudi kifua mbele, akimwambia mama yake, "Karani ameniita mlipaji wa mfano." Mama akafurahi, akampa mche mzima wa sabuni.

Kisha fundi viatu akaja kaunta amenuna. "Mkamwana wako ana nini? Sabuni naiona kwa macho yangu rafuni, ananiambia imekwisha. Nimemwonyesha kwa kidole. Akafunga dirisha, nusura anikate pua. Nilishapoteza jino katika familia hii, pua sitoi."

Mama akavuka uani mbiombio. Akamkuta msichana amekaa sakafuni chini ya dirisha lililofungwa, mchana kweupe, mdomo umepasuka, jicho moja limeziba.

"Unafukuza wateja wangu?"

"Mama," akasema polepole, kwa kuwa mdomo ulimuuma, "nikiuza kidogo, ananipiga kidogo."

"Bila shaka! Kwa sababu unaiba kidogo."

"Siku nilipouza sana ndiyo siku aliyonivunja ubavu."

Maneno yale yangemshtua mtu mwenye kutulia. Mama hakuwa mtu wa kutulia. Alifungua dirisha, akamnyanyua msichana kwa kwapa, akamkalisha kwenye stuli, akamwambia auze. Msichana akauza. Aliuza vizuri mno, kwani ilikuwa siku ya mishahara, na alasiri mumewe alimvunja mkono wa kushoto kwa mpini wa fagio. Mlio wa mfupa ulisikika hadi dukani. Mama alikuwa anapima misumari. Alisimama kidogo, akaendelea kupima, lakini alikosea uzani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kesho yake msichana hakuweza kuuza. Alilala nyuma ya pazia, mkono umefungwa kwa vipande vya mbao. Mama akasimama katikati ya chumba kile, mikono kiunoni, akatoa hukumu yake.

"Nimechoka na kelele za nyumba hii. Leo nauza mimi. Mimi mwenyewe, na mimi siibi. Alasiri atahesabu kama kawaida. Pesa ikitimia, tumejua mwizi ni nani, na utatoka hapa kabla jua halijazama, umefungiwa virago vyako, na mimi ndiye nitakayekusukuma. Umesikia?"

"Nimesikia, mama," sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Na isipotimia?"

Mama akacheka. "Itatimia!"

Mume naye akakubali kwa furaha. "Ila kopo usiguse, mama. Kodi natoa mimi."

Siku hiyo Mama Juu Yake aliuza kama aliyepandwa na shetani. Mia, na kodi juu yake. Hamsini, na kodi juu yake. Barabara ya nyuma yote ilikuja kushangaa. Mlevi mmoja aliingiza mkono dirishani kuchomoa nyembe, mama akamgonga kiwiko kwa rula ya chuma, naye akaurudisha mkono bila nyembe. Kila sarafu aliiuma, kila noti aliinyoosha. Nyuma ya pazia hapakuwa na sauti, isipokuwa pumzi ya mtu anayesikiliza.

Alasiri mwanawe akaja, akanawa mikono, akaketi. Akahesabu vitu vilivyobaki. Vilivyoondoka, kwa bei tupu, ni elfu tatu. Akamwaga pesa: elfu tatu mia sita.

"Umeuza, mama! Haya, moja ya tano." Akahesabu mia saba na ishirini, akazitumbukiza kwenye kopo. Akahesabu zilizobaki. Akahesabu tena. Uso ukambadilika.

"Elfu mbili mia nane themanini."

"Hesabu vizuri."

"Nimehesabu. Imepungua mia na ishirini." Akainua macho, akayashusha haraka. "Labda umekosea chenji, mama. Uzee."

Damu ilimpanda mama mpaka kwenye masikio. Yeye! Akosee chenji! Mkono uliinuka, ukasimama hewani, kwa sababu nyuma ya pazia alisikia kitu kidogo sana, kama mtu aliyeanza kulia halafu akajiziba. Hapo ndipo maneno ya msichana yalipomrudia moja moja. Nikiuza kidogo. Nilipouza sana.

Akachukua kisu na mche wa sabuni. Akakata vipande sita vilivyo sawa, akavipanga juu ya kizingiti cha dirisha.

"Vitano hivi ni bei. Cha sita ni kodi. Mteja kaleta vyote sita. Sasa toa kodi yako."

"Moja ya tano," mwanawe akasema.

"Toa, nione."

Akachukua kipande kimoja. Akasita. Moja ya tano ya vipande sita ni kipande kimoja na kitu. Akachukua kisu, akakata kisehemu kutoka kipande kilichofuata, akaweka pamoja na kile cha kwanza. Wakatazama vilivyobaki. Kulikuwa na vipande vinne vizima na kimoja kilichong'atwa.

"Kodi ilikuwa kimoja," mama akasema. "Umechukua kimoja na kilichozidi. Kilichoongezwa kwa tano kinatolewa kwa sita. Kile kisehemu ulichokata ndicho ulichokuwa unampigia mwenzio. Kimo kwenye kopo. Siku zote kimekuwa kwenye kopo lako."

Kijana akaiangalia sabuni. Kidole chake kilichopinda kilikuwa kimelala karibu na kisu, na mama akakiona. Akakumbuka daftari lenye kamasi. Haitoki, mama. Mtoto alikuwa sahihi! Alikuwa amepata, mtoto wa miaka ile, akapigwa mpaka akakosa. Mama akashika ukuta.

"Nilikwambia," mwanawe akasema taratibu. "Unakumbuka? Nilikwambia haitoki."

"Ulinambia."

"Ukanipiga mpaka ikatoka."

"Ndiyo. Nilikupiga."

Angeishia hapo, pengine wangelia wote wawili na mambo yangechukua njia nyingine. Lakini kijana alipumua kwa nguvu, akajinyoosha, akatabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akaweka kiganja juu ya kizingiti cha dirisha, akageukia pazia.

"We mke! Yamekwisha, kumbe hukula. Amka utupikie." Kisha kwa mama yake, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Si vibaya, mama. Mimi nilikuwa napiga mwizi, sikuwa nampiga mke wangu. Sasa hesabu naijua. Siku ikipungua kweli ndiyo atanitambua."

Mama aling'oa kigingi kilichoshikilia ubao wa dirisha, akauangusha kwa nguvu zake zote juu ya ule mkono.

Ubao ule ulikuwa mzito, wa kuzuia wezi. Vidole vilivunjika pamoja, kwa mlio ule ule wa jana. Kijana alipiga ukelele, akaanguka magoti, mkono bado umebanwa, na mama akaukandamiza ubao kwa kifua, huku akipiga kelele naye, "Imetoka? Imetoka? Niambie imetoka!" Mkojo ulimtoka yule mwanaume mzima. Sarafu zilimwagika. Watu wa barabara ya nyuma walianza kukimbilia dirishani, wakaona vidole vinne vimechomoza chini ya ubao, wakarudi nyuma.

"Umenivunja tena, mama!" alilia. "Umenivunja tena!"

Hilo neno "tena" ndilo lililomwachisha. Aliinua ubao. Kijana akavuta mkono wake, akaukumbatia kifuani, akatoka kwa mlango wa uani akiyumba. Alipofika kwenye uzio akageuka. "Nitarudi!" akasema. "Hicho chumba ni changu na yule ni mke wangu. Nitarudi, na wewe hutanizuia." Na kila aliyekuwepo alimwamini.

Mama alipogeuka, msichana alikuwa amesimama mbele ya pazia, mkono wake uliofungwa mbao kifuani. Alikuwa ameona yote. Hakuonekana amefurahi. Alionekana kama mtu anayepima umbali wa kufika mlangoni.

"Twende dukani," mama akasema. "Twende, mwanangu."

Alikuwa hajawahi kumwita mwanangu. Walivuka uani, mama mbele, msichana nyuma kwa hatua kadhaa, akikaa mbali na mkono wa mwenzie. Mama aliingia nyuma ya kaunta yake, akanyoosha mkono rafuni, akashusha kufuli kubwa la chuma, lile lisilokatwa kwa msumeno wa kawaida. Akaliweka mbele yake, na kwa mazoea ya miaka mdomo ukasema wenyewe, "Mia tano, na kodi juu yake, mia sita." Akatoa pesa kutoka mfukoni mwake mwenyewe, mia tano akaitia droo ya juu, mia akaitia ya chini. Akaangusha sarafu moja, asiiokote.

"Chumba ni chako," akasema. "Mimi ndiye mwenye nyumba na nimesema. Funga mlango kwa ndani, kwenye tundu la kupitishia mkono, utoke unapotaka. Dirisha uuze ukitaka, usipotaka usiuze. Kodi utaitenga hapo hapo, kama mimi. Akija, asikukute mlango wazi."

"Asante, mama."

Kufuli lilikuja na funguo mbili kwenye kipete cha waya. Mama akazitenganisha. Akaweka mmoja mbele ya msichana, mwingine akabaki nao kiganjani. "Huu nakaa nao mimi. Kukitokea jambo, nikufungulie."

Msichana akautazama ule ufunguo. Halafu akautazama mkono uliouficha. Ulikuwa mkono mpana, wenye sugu, umepakaa damu ya mwanawe kwenye ukucha. Mkono ule ulishawahi kumgeuza shingo mbele ya kaunta hii hii, akiwa anaapa ukweli.

Akaunyoosha mkono wake mzima, kiganja wazi.

"Niwie radhi, mama. Nipe na huo."

Pale dukani walikuwepo wateja. Fundi viatu alikuwepo, na alipoona mkono wa Mama Juu Yake unainuka alifunika mdomo wake upesi, maana aliujua. Msichana alifumba jicho lake moja zima. Hakurudi nyuma, na kiganja hakukifunga.

Mama alibaki ameuinua mkono wake hivyo kwa muda mrefu, kama mtu asiyejua unashushwaje. Kisha akaushusha, akaufungua, akauacha ufunguo wa pili udondoke kwenye kiganja cha mkamwana wake. Msichana akazifunga funguo zote mbili kwenye pindo la nguo yake, akachukua kufuli, akaondoka.

Mama Juu Yake akakaa chini ya kaunta, mahali wateja wasipoweza kumwona, akalia kwa sauti.